Khati Iliyofungiwa Ndani ya Kompyuta

Mtu aliyesomeshwa chuoni akiona herufi za Kiarabu, hata ziwe zimeandikwa juu ya kikapu cha tende, hawezi kupita pasi na kuzisoma. Ndivyo tulivyolelewa. Mimi nilianza alifu kwa ujiti nikiwa mtoto wa miaka mitano, mbele ya mwalimu aliyekuwa na ufito mkononi na subira moyoni, na tangu siku hizo jicho langu halijui kuiacha herufi ipite hivi hivi. Basi nilipokwenda Istanbul mwaka 2023 kumtazama mpwa wangu anayesoma huko, na siku moja tukapanda kilima cha makaburi ya Eyüp, nilijikuta nimesimama mbele ya jiwe refu la kaburi, nasoma kwa sauti.

Jiwe lilianza na "Huwal-Baqi", yaani Yeye ndiye wa kubaki, na likaishia kwa kumwomba mpita njia amsomee marehemu Fatiha. Hayo nilikuwa nayajua. Lakini baina ya mwanzo na mwisho palikuwa na mistari ambayo niliweza kuzitamka herufi zake nisijue maana hata ya neno moja. Kando yetu alikuwapo kijana wa Kituruki, rafiki yake mpwa wangu, mzaliwa wa mji ule ule. Yeye hakuweza kusoma hata nukta. Nikamtamkia, "Alifu, wau, ghaini, lamu, yee." Kijana akafikiri kidogo, kisha uso ukamng'aa: "Oğlu!" Mpwa wangu akanieleza kuwa maana yake ni "mwana wa". Tukaendelea hivyo, mgeni mwenye herufi bila ya lugha, na mwenyeji mwenye lugha bila ya herufi, tukisaidiana neno kwa neno mpaka tukamjua marehemu alikuwa mwana wa nani. Tukamsomea Fatiha yake tukaondoka.

Nilikishuka kilima kile nikiwa na furaha na huzuni pamoja. Furaha, kwa kuwa elimu ya chuoni imenifaa mbali na kwetu. Huzuni, kwa kuwa nimemwona mjukuu amesimama juu ya kaburi la mababu zake, na kulisoma jina lao hawezi.

KARNE YA MIKASI

Ndugu msomaji, huenda ukauliza yalikuwaje mpaka yakafika hapo. Lugha za jamii ya Kituruki ni nyingi, nazo zimeenea kutoka Uturuki hadi magharibi ya Uchina. Watu wake walipoingia katika Uislamu walizichukua herufi za Kiarabu wakaandikia lugha zao kwa karne nyingi, kama tulivyofanya sisi wa pwani. Kisha ikaja karne ya ishirini na mikasi yake. Uturuki ilipitisha sheria ya herufi mpya tarehe 1 Novemba 1928, na kuanzia tarehe 1 Januari 1929 vitabu vya Kituruki vilitakiwa vichapwe kwa herufi za Kilatini. Katika nchi za Kisovieti, Waazeri, Wauzbeki, Wakazaki, Wakirgizi na Waturkmeni walitolewa kwenye herufi za Kiarabu mwishoni mwa miaka ya ishirini wakapewa za Kilatini, na ilipokaribia mwaka 1940 wakatolewa tena huko wakapewa za Kirusi. Mtu wa Baku aliyezaliwa mwaka 1910 aliweza kusomeshwa kwa khati moja, akamsomesha mwanawe kwa khati ya pili, na mjukuu wake akaletwa nyumbani na daftari la khati ya tatu.

Lakini si wote waliokatwa. Waazeri wa Iran wangali wanaandika kwa herufi za Kiarabu. Vivyo hivyo Wauzbeki na Waturkmeni wa Afghanistan, na Wakazaki wa Uchina. Na wako Wauiguri, watu wa Kashgar na Urumqi, Waislamu wa huko huko Uchina, ambao nao walipewa herufi za Kilatini katika miaka ya sitini, lakini mwaka 1982 wakarudishiwa herufi zao za Kiarabu. Hawa Wauiguri ndio walioniweka Istanbul siku nne zaidi ya nilizokusudia.

MZEE WA ZEYTINBURNU

Mpwa wangu anasomea mambo ya kompyuta. Jioni ya siku ile ya makaburi aliniambia, "Mjomba, kuna mzee mmoja Mwuiguri huku Zeytinburnu, ana shida ya herufi. Mimi nimejaribu nimeshindwa. Najua kompyuta lakini khati siijui kama unavyoijua wewe. Twende ukamwone."

Tukaenda. Zeytinburnu ni mtaa wa Istanbul wenye Wauiguri wengi, na harufu ya mikate yao hukupokea kabla hujabisha hodi. Mzee alitukaribisha kwa salamu ya Kiislamu, akatutilia chai, na hakusema haja yake mpaka tumekunywa. Ndipo akaanza kueleza kwa Kituruki, na mpwa wangu akinifasiria.

Baba yake alikuwa mwalimu na mshairi. Aliandika mashairi yake katika daftari, kwa mkono, kwa khati ya zamani, hata katika miaka ile ambayo shuleni zilisomeshwa herufi za Kilatini. Mwaka 1997 mzee huyu, akiwa tayari amekwisha hamia Istanbul, alipelekewa daftari lile kwa muda. Akaazima kompyuta, akayapiga chapa mashairi yote, na baadaye akalirudisha daftari kwa dada yake Kashgar, kwa kuwa dada ndiye aliyeachiwa na baba. "Nilidhani nimelihifadhi mara mbili," alisema. "Mara moja kwa dada, na mara moja katika mashine." Tangu mwaka 2017 hajapata habari ya dada yake. Hajui yu hali gani, wala daftari liko wapi. Basi amebaki na nakala ya mashine, nayo imegoma kusomeka.

Akaifungua mbele yetu. Nilitarajia kuona khati, nikaona vurugu: herufi za Kizungu, alama za mshangao, mabano, alama za fedha, zimepangana mistari kwa mistari mfano wa mtu anayeweweseka usingizini. Na humo ndani, wallahi, mlikuwa na diwani nzima ya mshairi.

FONTI NI NINI

Hapa sina budi nieleze, maana jambo hili litatufika sisi pia, kama halijatufika. Kompyuta haijui herufi. Inajua nambari tu. Ukipiga bee, kompyuta huweka nambari. Ili jicho lako lione bee, lazima pawe na kitabu cha michoro ndani ya kompyuta kinachosema: nambari hii, mchoro wake ni huu. Kitabu hicho cha michoro ndicho kiitwacho fonti.

Sasa, herufi za Kizungu ni rahisi, kila moja hukaa peke yake. Sisi wa chuoni twajua kwamba bee ina sura nne: bee ya peke yake, ya mwanzo wa neno, ya katikati na ya mwisho. Kompyuta za zamani zilishindwa na hilo. Basi mafundi wa lugha hizi, kwa kuwa haja haingoji, walifanya hila. Walichukua mahali palipokuwa pa herufi za Kizungu wakachora hapo sura za Kiarabu. Penye A wakachora bee ya mwanzo, penye alama ya fedha wakachora bee ya katikati, na kadhalika. Kila fundi alipanga apendavyo yeye. Ukiwa na fonti ya fundi yule, waona khati safi. Ukiikosa, waona A na alama ya fedha. Ni sanduku ambalo kila fundi amelitia kufuli yake, na ufunguo hauko kwa mwingine.

Mwaka 1991 ulitoka mpango uitwao Yunikodi, ambao uliipa kila herufi ya kila lugha nambari yake moja isiyobadilika duniani kote. Nambari ni ya herufi, sura ni kazi ya fonti: fonti mpya hutazama jirani wa kulia na wa kushoto, kisha huchagua sura ifaayo. Lakini mpango kutoka ni jambo moja, na kumfikia mtu mwenye kompyuta ya kuazima katika mwaka 1997 ni jambo jingine. Mzee wetu alipiga diwani ya baba yake kwa fonti ya kufuli. Jina la fonti hiyo amelisahau, na kompyuta aliyoiazima ilikwisha tupwa zamani.

MTIHANI WA WAU TANO

Shauri la kwanza la mpwa wangu lilikuwa tutafute kwanza fonti mpya iliyo kamili, ili tujue tutakapoyapeleka maandishi tukiyaokoa. Nami nikasema fonti za Kiarabu si zimejaa? Akacheka. Akachukua fonti moja nzuri ya Kiarabu, ya kupendeza kama msahafu wa zamani, akapiga neno la Kiuiguri. Nusu ya herufi zikatoka, na nusu zikawa visanduku vitupu.

Hapo ndipo nilipofahamu. Kiuiguri kina herufi 32, na katika hizo 8 ni za irabu. Wao hawaachi irabu kwa msomaji kuzikisia, wala hawatumii fatha na kasra kama sisi. Kila irabu ina herufi yake kamili. Kutokana na wau peke yake wametoa herufi tano: wau tupu ni o, wau yenye dhuma juu yake ni u, wau yenye kijipembe cha kuelekea chini ni ö, ambayo ni kama o iliyosemwa kwa ulimi wa e, wau yenye alifu ndogo juu ni ü, ambayo ni kama i iliyosemwa kwa midomo ya u, na wau yenye nukta tatu ndiyo w. Fonti ya Kiarabu cha kawaida itakupa ya kwanza, basi.

Kuna na mitego mingine. Alifu maksura, ile yee isiyo na nukta ambayo sisi twaijua mwisho wa jina la Musa na Isa, wao huitumia kuwa i, na huiweka hata katikati ya neno. Fonti ambayo imechorewa sura ya mwisho tu, neno hukatika vipande viwili. Na hee nazo ziko tatu, ambazo mbali ya macho ya fundi zafanana. Hee ya Kiarabu ni nambari 1607 katika Yunikodi. Hee ya macho mawili, ambayo ndiyo h ya Kiuiguri, ni 1726. Na ile iliyo mfano wa hee ya mwisho, ambayo kwao ni irabu, ni 1749, nayo haishikani na herufi ifuatayo. Ukiweka moja mahali pa nyingine, karatasi yaweza kuonekana sawa, lakini kompyuta itatafuta neno lako isilione, na siku ya kubadili fonti kila kitu kitavurugika.

Wakazaki wa Uchina wana utaratibu wao tofauti kabisa, uliotungwa na mwanachuoni wao Akhmet Baitursynov mwaka 1912. Wao huweka hamza ndogo mwanzoni mwa neno kuonyesha kwamba irabu zote za neno lile zitamkwe mbele ya kinywa. Kwa hivyo usimwendee muuza kompyuta ukamwambia nataka fonti ya Kituruki ya Kiarabu. Atakuuliza, ya nani?

Tukafanya mtihani. Kila fonti tuliyoipata tuliipa wau tano, hee tatu, alifu maksura ya katikati, na ile herufi ya ng', ya ng'ombe na ng'ambo, ambayo kwao ni kafu yenye nukta tatu juu, nambari 1709. Nyingi zilianguka. Zilizopita ni chache, na nazitaja ili atakaye azijue: Scheherazade New, ambayo hutolewa bure, fonti iitwayo Microsoft Uighur, iliyoingizwa katika Windows Vista iliyotoka mwaka 2007, na kundi la fonti za UKIJ, zilizotengenezwa na chama cha Wauiguri wenyewe wa elimu ya kompyuta, nazo pia ni za bure. Mzee alizitazama zote, akachagua moja ya UKIJ. "Hii imeandikwa na mtu aliyesoma shule yetu," alisema.

Nikakumbuka yaliyonifika Mombasa. Nilipeleka utenzi wa kumlilia marehemu babu yangu kwa mpiga chapa mmoja, nao niliuandika kwa herufi za Kiarabu kama alivyoupenda mwenyewe uhai wake. Zilirudi karatasi mia mbili, na kila herufi imesimama peke yake, haishikani na mwenziwe, tena zimeanzia kushoto. Mpiga chapa alikuwa mtu mwema wala hakufanya inda. Alisema, "Si ndizo hizo hizo herufi, Mwalimu?" Naam, zilikuwa ndizo, kama matofali yalivyo nyumba.

KARATASI NDANI YA MSAHAFU

Kuwa na fonti mpya hakukutosha. Ilibaki kuivunja kufuli. Mpwa wangu alimwuliza mzee kama hakuna hata karatasi moja iliyopigwa chapa siku zile. Mzee akanyamaza. Kisha akainuka, akatawadha, akauteremsha msahafu wake, na katikati akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa shairi moja la baba yake, alilolitoa kwenye mashine mwaka ule ule wa 1997 akalihifadhi humo kwa mapenzi tu.

Ule ndio ulikuwa ufunguo. Tulilitafuta shairi lile ndani ya faili, tukalitambua kwa urefu wa mistari yake. Kisha tukakaa, karatasi mkono wa kulia na skrini mkono wa kushoto. Mimi nilitaja: mimu ya mwanzo. Mpwa akatazama alama gani imekaa pale. Akaandika katika daftari. Lamu ya katikati. Akaandika. Nuni ya mwisho. Akaandika. Lugha sikuijua, lakini sura za herufi nilizijua hata nikiwa na usingizi, na ufito wa mwalimu wangu niliushukuru usiku ule kuliko siku zote. Kwa kuwa kila herufi ina sura mbili au nne, na kila sura fundi aliipa alama yake, tulihesabu alama zaidi ya 100. Na jambo la ajabu, kila mstari ulikuwa umewekwa kinyumenyume, mwisho wake mwanzo, kwa sababu mashine ile haikujua kuandika kutoka kulia.

Usiku wa tatu daftari lilijaa. Mpwa wangu akaandika programu ndogo ya kubadilisha kila alama kwa nambari yake ya Yunikodi na kuugeuza kila mstari. Usiku wa nne akaiendesha. Skrini ikatulia kidogo, kisha khati ikatoka, imeshikana, kuanzia kulia, ukurasa baada ya ukurasa.

Mzee alivaa miwani akaanza kusoma kwa sauti. Hakulia wala hakutushukuru hapo. Alisoma kama mwanafunzi anayesikilizwa, na mara mbili alisimama kusahihisha mahali tulipokosea nukta.

ZIWA AU JIVU

Kisha akasimama mara ya tatu, akakaa kimya sana.

Ikafahamika kwamba faili lile liliwahi kupelekwa kwa barua ya kompyuta kutoka mashine moja hadi nyingine, na njiani baadhi ya alama zilipotea, pakawekwa alama ya kuuliza. Alama za ö na za ü zilikuwa miongoni mwa zilizopotea, na zote mbili zimegeuzwa kuwa alama moja ile ile ya kuuliza. Mahali pengi mzee alizijaza mwenyewe bila ya taabu, kwa kuwa neno lilikuwa na njia moja tu. Lakini katika ubeti mmoja, mshairi anasema kwamba mapenzi yamemfanya kuwa kitu fulani, na kitu chenyewe ni neno la herufi tatu: kafu, alama ya kuuliza, lamu.

Ikiwa iliyopotea ni ö, neno ni "köl", yaani ziwa, na maana yake mshairi amekuwa ziwa kwa machozi. Ikiwa ni ü, neno ni "kül", yaani jivu, na maana yake ameungua hata akawa jivu. Nukta ya mstari na kina cha shairi vyakubali yote mawili. Mimi ni mtu wa mashairi, nikasema kwa haraka, "Jivu. Jivu ndilo kubwa." Mzee akatikisa kichwa. Akasema, "Huenda. Lakini si wewe uliyeandika, wala si mimi. Mwenye kujua ni daftari, na daftari liko kwa dada yangu."

Akamwambia mpwa wangu aache pengo mahali pale, na katika kitabu atakachokichapa pengo litakuwapo. Nikaona haya kwa pupa yangu. Yule mzee alikuwa amepewa amana na baba yake, na amana hairudishwi na kiraka.

Kabla hatujaagana alinitaka nimfuate siku ya pili. Akanipeleka mtaa wa Fatih, mbele ya jengo la maktaba iitwayo Millet. Humo, alinieleza, mmehifadhiwa kitabu cha Mahmud al-Kashgari, mtu wa asili ya kwao, aliyeandika Baghdad katika miaka ya 1070 kamusi ya lugha za Waturuki kwa Kiarabu, ili Waarabu wapate kuzielewa. Duniani nzima imebaki nakala moja tu ya mkono, ya mwaka 1266. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mpenzi wa vitabu aitwaye Ali Emiri aliinunua katika soko la vitabu la Istanbul, na ikachapwa baina ya mwaka 1915 na 1917. "Nakala moja," mzee alisema, akiinua kidole kama mtu anayeshuhudia. "Kama ingeliwa na panya, leo tusingejua babu zetu walisemaje. Lakini jambo moja ni bora katika kitabu kile kuliko katika faili langu. Ukikifungua, chasomeka."

NYUMBANI

Nilirudi Mombasa, na siku ya pili yake nilivuta sanduku la chini ya kitanda. Mwaka 1998 nilipiga chapa tenzi za marehemu babu, kwa herufi za Kiarabu, kwa fonti niliyopewa na rafiki. Nilikuwa na yakini kwamba ziko salama. Kijana mmoja wa mtaani akanisaidia kuzitoa katika diski zile za zamani. Tukafungua. Alama za mshangao, mabano, alama za fedha.

Tofauti ni moja, alhamdulillahi: daftari la babu ninalo. Limeliwa pembe na mchwa, na wino umekuwa rangi ya chai, lakini lasomeka. Kila baada ya Alfajiri hukaa nikapiga kurasa mbili, safari hii kwa nambari za Yunikodi. Babu aliandika kwa desturi ya zamani, bee akiifanya b na p, fee akiifanya f na v, na ghaini akiitwika g na ng' pamoja. Marehemu Mwalimu Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, alishirikiana na P. J. L. Frankl wakatoa mwaka 1997 pendekezo la kukiandika Kiswahili cha Mombasa kwa herufi za Kiarabu ili kila sauti ipate mahali pake. Mimi naandika mara mbili: mara moja kama alivyoandika babu, nisiguse nukta, na mara moja kwa herufi zinazotofautisha sauti, ili wajukuu wasibahatishe.

Nyumba nyingi za pwani, tangu Lamu hadi Vanga, zina sanduku kama langu. Nawaomba ndugu zangu mambo matatu. Kwanza, ukishapiga chapa kwenye kompyuta, usiitupe karatasi ya asili, wala usiirudishe mbali kabla hujaipiga picha. Pili, ukimpa mtu kazi ya kuandika khati, mwulize: unaandika kwa Yunikodi au kwa fonti ya kufuli? Akikwambia hajui, ichukue kazi yako umpelekee mwingine. Tatu, fonti uliyoitumia iweke pamoja na maandishi yenyewe, na jina lake liandike kwa mkono juu ya karatasi, kwa kuwa mashine husahau na watu husahau zaidi.

Mpwa wangu ameniandikia kwamba kitabu cha mzee kimekwisha pangwa, na pengo la ubeti ule limeachwa vile vile, nafasi ya herufi moja. Mzee alitaka nimpelekee salamu ya mshairi wa Mombasa. Nimeiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa fonti aliyoichagua yeye, na kwa kuwa gazeti letu ni la herufi za Kilatini, naiweka hapa kwa hizi:

Herufi ni kama mwana, usimtupe njiani,
Alizaliwa na jina, na kizazi cha nyumbani,
Akifichwa kwa hiana, hatajulikana nani,
Tumlinde kwa amana, asipotee gizani.